Kidole kwenye Kioo ni Kipofu

Ajali ikitokea nchini mwetu, sentensi ya kwanza ya msemaji tunaijua kabla hajafungua kinywa: chanzo ni uzembe wa dereva. Mara nyingi ni kweli. Lakini sentensi hiyo imezoeleka hadi ikageuka pazia, na nyuma ya pazia hilo hujificha watu wengi: aliyejenga barabara isiyo na bega, aliyeuza tairi lililokwisha, na siku hizi, aliyeng'oa vitufe vyote kwenye dashibodi akabandika kioo.

Huyu wa mwisho ndiye ninayemtaka leo.

Utetezi wake nimeusikia kwa wauza magari, kwa mafundi, na hata kwa marafiki zangu ninaowaheshimu. Skrini, wanasema, haijawahi kuua mtu. Dereva mwenye akili zake hutazama barabara. Akitazama kioo akagonga, kosa ni lake. Wengine huongeza kwamba anayelalamika ameachwa na wakati, kama waliolalamikia gari la otomatiki walipoanza kuliona. Rai hii ina sura ya busara, kwa kuwa inamtaka mtu awajibike kwa matendo yake. Mimi naipinga yote, kwa sababu inakosea juu ya mkono, juu ya jicho, na juu ya anayefaidika.

Tuanze na mkono. Dereva aliyelizoea gari lake la zamani akitaka kupunguza upepo wa feni haangalii kitu. Kidole kinapapasa, kinakuta kitufe cha kuzungusha, kinakizungusha na kuhesabu midundo yake, mmoja, miwili, basi. Jicho halikuhusika. Kitufe kina ukingo, kina umbo, kina ugumu wake, na umbo la feni si umbo la redio. Baada ya mwezi mmoja mkono unakuwa na kumbukumbu yake wenyewe, kama mkono wa mpishi unaojua chumvi iko wapi gizani.

Kioo hakina lolote kati ya hayo. Ni bapa, ni laini, na kila mahali pake panafanana na pengine. Kidole kikitua hakijui kimetua wapi mpaka jicho lije kukiambia. Gari likipita kwenye tuta au shimo, kidole kinaruka na kugusa pasipotakiwa, na jicho linalazimika kurudi tena kurekebisha. Kwenye kioo kidole ni kipofu, na kipofu huyo anaongozwa na jicho lilelile tulilolihitaji barabarani.

Niliwahi kushuka mlima Kitonga mvua ikinyesha, nikiwa na gari la kuazima. Kioo cha mbele kikashika ukungu kwa ndani. Katika gari langu ningebonyeza kitufe kimoja chenye alama ya mawimbi, ninachokipata nikiwa nimefumba macho. Katika lile ilinibidi nifungue ukurasa wa hali ya hewa, nitafute picha ndogo ya kioo, niiguse, nikose, niiguse tena. Mbele yangu kulikuwa na lori la mafuta. Nilijua ninachokitafuta, nilikuwa makini, sikuwa nimelewa wala kuchoka. Bado macho yangu yalikaa mahali pasipostahili kwa muda ambao hadi leo sipendi kuukumbuka.

Wataalamu wa barabara wamelipima jambo hili kwa sekunde. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa magari: kazi yoyote ya kwenye dashibodi isimtake dereva atoe macho barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Mwongozo huo ni wa hiari, na hiari ndiyo iliyoachia yaliyofuata. Sekunde 2 zinaonekana chache kwa aliyekaa kitini. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Katika sekunde 2 limekwenda mita 44, karibu urefu wa mabasi manne yaliyopangwa mstari. Ndani ya mita hizo anaweza kutokea mtoto anayevuka, bodaboda anayekata kona bila indiketa, au ng'ombe waliopandishwa barabarani na mchungaji wao. Dereva anayeambiwa awe makini anaambiwa awe makini na kitu asichokiona.

Sasa tuje kwenye ushahidi ambao watetezi wa skrini hawapendi kuugusa. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya 11 pamoja na Volvo V70 ya mwaka 2005, gari la vitufe vitupu. Madereva waliyapeleka kwenye uwanja wa ndege, wakaendesha kwa kilomita 110 kwa saa, na kwa kila gari wakafanya kazi nne za kawaida, kama kuongeza joto na kuondoa ukungu, kutafuta stesheni ya redio, kufuta hesabu ya safari, na kupunguza mwanga wa dashibodi. Walipewa muda wa kulizoea kila gari kabla ya kupimwa. Volvo ile kuukuu ilimaliza kazi zote kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. Gari lililofanya vibaya kuliko yote, MG Marvel R, lilihitaji sekunde 44.9, na katika muda huo lilikata mita 1,372.

Mita 1,372! Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina urefu wa mita 680. Dereva huyo angelivuka lote, akageuza, akalivuka tena, akiwa bado anahangaika na redio na feni.

Kwa haki nitaje na hili: katika jaribio hilohilo zilikuwepo skrini zilizofanya vizuri kiasi. Dacia Sandero, mojawapo ya magari ya bei nafuu kabisa Ulaya, ilimaliza kwa sekunde 13.5, kwa kuwa waliolitengeneza hawakuvificha vitu vya muhimu. Jambo hili halimsaidii mtetezi wa skrini, linamhukumu. Kama dereva ni yuleyule, barabara ni ileile na kazi ni zilezile, halafu gari moja lichukue sekunde 10 na jingine karibu 45, tofauti imetoka wapi? Haikutoka kwenye akili ya dereva. Imetoka kwenye meza ya mchoraji.

Lakini lawama inapogawanywa, mchoraji hayumo. Mwezi Machi 2019 nchini Ujerumani, dereva wa Tesla alikuwa akiendesha kwenye mvua kubwa. Katika gari lake kasi ya waipa ilirekebishwa kwenye skrini. Akaigusa skrini ili aone barabara vizuri zaidi, na katika kuigusa huko akaacha njia na kugonga miti. Mahakama ya Juu ya Jimbo huko Karlsruhe, mwaka 2020, ilikubali kwamba skrini ya gari ni kifaa cha kielektroniki kama vilivyo vingine ambavyo sheria ya barabarani inavizuilia matumizi yake, na kwamba haijalishi alikuwa anatafuta muziki au waipa. Dereva akatozwa faini ya euro 200 na kuzuiwa kuendesha kwa mwezi mmoja.

Mantiki ya hukumu hiyo imeniacha na swali moja. Mvua inanyesha, sheria inakutaka uone mbele, chombo cha kukuwezesha kuona kimewekwa mahali ambapo ukikitumia unavunja sheria. Dereva yule angefanya nini? Asingegusa, angeendesha asione. Aligusa, akaendesha asione. Mahakama ilimhukumu yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele yake. Aliyehamisha waipa kutoka kwenye mkono wa usukani hakuitwa.

Basi kwa nini walihamisha? Hapa ndipo neno "maendeleo" linapotakiwa kupimwa. Kila kitufe kina gharama: kina umbo lake la kufinyangwa, swichi yake, waya wake, taa yake, na mtu wa kukifunga kiwandani. Gari lenye vitufe 40 lina gharama hizo mara 40, na kila toleo jipya linataka vichorwe upya. Skrini ni moja. Ukishaiweka, feni, redio, viti na taa zote zinageuka kuwa picha, na picha hazina bei ya waya. Kosa likigunduliwa baada ya gari kuuzwa, hurekebishwa kwa programu kupitia intaneti. Hesabu hiyo inaeleweka, na kwa mwenye kiwanda ni hesabu nzuri. Ila aliyepunguziwa gharama ni yeye, na aliyeongezewa hatari ni dereva na anayevuka barabara. Kisha dereva huyo anauziwa kioo hicho kama anasa, na kulipa zaidi.

Viwanda vyenyewe vimeanza kukiri. Volkswagen ilipotoa Golf ya kizazi cha nane na ID.3, iliweka chini ya skrini sehemu ya kutelezesha kidole kwa ajili ya joto na sauti, na sehemu hiyo haikuwa na taa. Usiku dereva alitakiwa apapase kitu kisichopapasika na asichokiona. Wateja walilalamika kwa miaka. Mwaka 2025 mkuu wa ubunifu wa kampuni hiyo, Andreas Mindt, alitangaza kwamba vitufe vya sauti, joto, feni na taa za hazadi vinarudi katika magari yao mapya, na akakubali kuwa kuviondoa kulikuwa kosa. Nao Euro NCAP, chombo kinachoyapa magari ya Ulaya nyota za usalama, kimeweka masharti yanayoanza mwaka 2026: gari ambalo indiketa, hazadi, waipa, honi na mwito wake wa dharura havina vidhibiti vya kushikika litapoteza alama. Anayesema wapinzani wa skrini ni watu walioachwa na wakati awaambie na hao.

Na si kwamba hakuna aliyejua. Buick ya Marekani iliweka skrini ya kugusa kwenye gari lake la Riviera mwaka 1986, kabla wasomaji wangu wengi hawajazaliwa. Wateja walilalamika kwamba inawatoa macho barabarani, na kufikia toleo la mwaka 1990 ilikuwa imeondolewa. Somo lilikuwepo, likawekwa kabatini kwa miaka zaidi ya 20.

Kuna mfano wa baharini ambao nautaja kwa uangalifu. Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Wachunguzi waliweka lawama kuu kwenye mafunzo hafifu na usimamizi mbovu. Hata hivyo walieleza pia kwamba mfumo wa usukani na injini, uliokuwa ukiendeshwa kwa skrini za kugusa, uliongeza uwezekano wa makosa, na mwaka 2019 Jeshi la Majini la Marekani likaamua kurudisha vishikio halisi vya kuongozea injini. Tazama walivyofanya: waliona uzembe, wakauita uzembe, na bado wakabadilisha chombo. Kusema dereva amekosea hakumaanishi chombo kiko salama. Sisi ndio tunaosimama kwenye neno uzembe na kufunga faili.

Najua jibu litakalofuata: haya ni ya Ulaya na Marekani, sisi huku tunaendesha magari ya Japani ya miaka iliyopita. Ni kinyume chake. Kwetu hali ni mbaya zaidi, na njia iliyotufikisha hapo ni ya ajabu kidogo.

Gari likishuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani, redio yake ni nusu kiziwi. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na kwenye redio nyingi za zamani huishia 90, wakati stesheni zetu zimepangwa kati ya 88 na 108. Maandishi yake ni ya Kijapani. Ramani yake, kama kadi haijachomolewa, ni ya mitaa ya Nagoya. Kwa hiyo mnunuzi, hata asiyependa makuu, anampelekea fundi, na fundi anang'oa redio ile pamoja na vitufe vyake na kufunga redio ya Android ya inchi 9 au 10. Gari lililotoka kiwandani likiwa na vitufe vizuri vya sauti na stesheni linabaki na kioo kitupu, kingine hakina hata kitufe cha kupunguza sauti.

Halafu fundi anauliza swali analouliza kila siku: "Bosi, nikufungulie na video?"

Msomaji asiyelijua jambo hili na alijue leo. Redio hizo huja na waya mmoja mwembamba unaotakiwa uunganishwe na swichi ya handbreki. Handbreki ikiwa imevutwa, video inacheza. Ikishushwa, picha inazimika. Ni kinga aliyoiweka mtengenezaji ili dereva asitazame filamu akiwa njiani. Fundi anauchukua waya ule na kuufunga kwenye ethi. Tangu siku hiyo redio inaamini gari limesimama daima, hata likiwa linapita Mikumi usiku kwa kilomita 100. Japani kwenyewe, kuikodolea macho skrini ya gari huku unaendesha ni kosa, na tangu Desemba 2019 adhabu yake imeongezwa. Mjapani aliifunga; sisi tunailipia ifunguliwe.

Nilipobadilisha redio yangu nilimwomba fundi auunge waya ule mahali pake. Alisimama, akaniangalia, akasema, "Mzee, wewe ni wa kwanza. Wateja wote wanataka ifunguliwe." Simlaumu kijana yule. Anatafuta riziki, anampa mteja anachotaka, na hakuna aliyewahi kuja kwenye kibanda chake kumwambia kwamba anachokifanya kinaweza kuua.

Zimebaki hoja mbili za wapinzani wangu. Ya kwanza ni simu. Wanasema bora ramani iwe kwenye skrini ya gari kuliko dereva ashike simu mapajani. Nakubali kwamba ramani iliyo wazi mbele ya macho, iliyowekwa kabla ya kuondoka, ni bora kuliko simu ya mkononi. Lakini kuitazama ramani ni jambo moja, na kuichezea skrini ni jambo lingine. Mwaka 2020 shirika la IAM RoadSmart la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa na maabara ya TRL. Dereva aliyetumia Apple CarPlay, mfumo wa kuileta simu kwenye skrini ya gari, kwa kugusa alichelewa kuitikia kwa asilimia 57, wa Android Auto kwa asilimia 53. Aliyeongea na simu mkononi alichelewa kwa asilimia 46, na aliyefikia kiwango cha pombe kinachoruhusiwa Uingereza, asilimia 12. Tunasimamisha madereva barabarani kuwapima pombe kwa kipulizo, na ni sawa. Aliyechelewa mara nne zaidi ya mlevi huyo tunamsifia gari lake.

Ya pili ni sauti: eti siku hizi huhitaji kugusa, unaliambia gari nalo linatii. Gari lipi? Lile linaloelewa Kijapani peke yake? Na hata linaloelewa, kuliamrisha kuna bei yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, katika kazi waliyoifanyia taasisi ya usalama barabarani ya AAA mwaka 2015, waligundua kwamba akili ya dereva inaweza kubaki haijarudi barabarani hadi sekunde 27 baada ya kumaliza kutoa amri ya sauti. Macho yako mbele, lakini anayetazama hayupo.

Wanaosema sisi hatuna usemi kwa kuwa hatutengenezi magari wanasahau tunachokifanya tayari. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia, na hairuhusu la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Wauzaji wa Japani walitii. Kwa sharti hilohilo la miaka 8, yanayoshuka Mombasa sasa ni magari ya mwaka 2019 na kuendelea, yaani ya wakati ule viwanda vilipokuwa vikishindana kung'oa vitufe. Tutayaendesha kwa miaka 20 ijayo, tukiyarithishana, wakati wenzetu wa Ulaya wamesharudi kwenye vitufe.

Kwa hiyo nawaomba mashirika yetu ya viwango, TBS na KEBS, mnapokagua breki na taa za gari lililotumika, kagueni na hili: je, waipa, hazadi na kiondoa ukungu vinapatikana kwa mkono bila kufungua ukurasa wowote? LATRA na NTSA, mnaofuatilia mwendo wa mabasi, ingieni na kwenye chumba cha dereva mtazame kinachochezwa mbele yake. Askari wa barabarani, mnapomwomba dereva leseni, mwombeni ashushe handbreki mwone kama video inazimika. Ni ukaguzi wa sekunde 5. Na pale ripoti ya ajali inapoandikwa, kuwe na mstari unaouliza skrini ilikuwa inaonyesha nini na mkono wa dereva ulikuwa wapi. Bila mstari huo tutaendelea kuandika uzembe, na mwenye kioo ataendelea kulala usingizi.

Nawe msomaji unayekwenda kununua gari wiki hii, kabla hujauliza bei, kaa kwenye kiti cha dereva likiwa limesimama, fumba macho, kisha jaribu kuwasha waipa, hazadi na kuondoa ukungu kwa mkono mmoja. Ukishindwa, mrudishie muuzaji ufunguo wake.